Mshale Uliochorwa

Jinsi Mshangama alivyofika nchi ya Shwari haina haja ya kusimuliwa. Alifika, vumbi miguuni na mkoba wa vifaa begani, na hilo latosha. Kilichomshangaza si njia bali salamu. Alikutana na watu wawili langoni mwa mji, akawaamkia kama alivyolelewa kuamkia: habari za nyumbani, watoto hawajambo, kazi zinakwendaje. Wale watu wakatazamana kama walioulizwa rangi ya nguo zao za ndani. Mwishowe mmoja akamwonea huruma akamfundisha. Katika Shwari mtu huulizwa, "Kiwango?" naye hujibu, "Kimejaa." Baada ya hapo mnapishana, kila mtu na safari yake.

Kiwango cha nini? Cha utomvu. Kila Mshwari anajua tangu utotoni kwamba ndani ya kichwa mna utomvu mwembamba usio na rangi, na kwamba mwenye huzuni ni mtu ambaye utomvu wake umepungua. Sababu nyingine hakuna. Koroboi ikififia huulizi nani ameiudhi, unatia mafuta. Mfano huo si wangu mimi msimulizi, Mungu apishe mbali. Umeandikwa kwenye ukuta wa kila shule ya Shwari, na koroboi yenyewe imechorwa hapo, inatabasamu.

Sasa Mshangama alikuwa fundi wa mizani. Alikuwa ametengeneza mizani za wauza karafuu, za masonara na za mabucha kwa miaka thelathini na tano, na kazi hiyo ilimwachia tabia moja mbaya: akiambiwa kitu kimepungua, huuliza kimepungua kutoka ngapi hadi ngapi. Kwao walimvumilia. Shwari hakumaliza siku mbili kabla tabia hiyo na ndugu yake, ile ya kujulia watu hali, hazijamtia matatani.

Mvua ilikuwa imeangusha ukuta wa nyumba moja kando ya barabara kuu, na mwenye nyumba ameketi juu ya tofali zilizomomonyoka, analia. Akatokea afisa mmoja mwembamba, koti la kijani, kisanduku cha vichupa mkononi. Jina lake Faki. Akamwinua yule mtu kidevu kwa upole kabisa, akamdondoshea matone matatu ulimini, akamwambia, "Kitajaa, bwana." Kisha akaruka lile rundo la tofali asije akachafua viatu, akaenda zake. Mshangama akasubiri aone nani atashika koleo. Hakuna aliyeshika. Basi akachutama mbele ya yule mtu, akamwuliza, "Ndugu yangu, umepatwa na nini?"

Faki akageuka kama aliyechomwa na mwiba. "Umemchokonoa!" akapiga kelele. "Jamani, mgeni amemchokonoa mtu hadharani!"

Kuchokonoa ni kosa la jinai huko. Sheria yasema hivi: anayemwuliza mwenye huzuni sababu yake humfanya adhani kwamba sababu ipo, anayedhani sababu ipo huenda akachelewa kunywa matone, na anayechelewa kunywa matone ni hatari kwake mwenyewe na kwa majirani. Sheria ya huruma, kwa kweli. Maafisa wote waliomsomea Mshangama kifungu hicho walimsomea kwa macho ya kumhurumia, na macho hayo yalimkera kuliko pingu. Adhabu yake ni kunywa kichupa cheupe mwezi mzima.

Karani alikuwa ameshika kalamu kuandika hukumu alipomwuliza kazi yake.

"Fundi wa mizani," Mshangama akajibu.

Kalamu ikasimama. Karani akainuka, akaenda chumba cha ndani, akarudi na watu watatu, na wote watatu wakamkaribisha kiti.

Ilikuwa hivi. Matone ya Shwari yana madaraja. Kuna kichupa cheupe, cha samawati na cha zambarau. Mtu asipopona kwa vyote hivyo, inajulikana kwamba upungufu wake ni mkubwa mno, na hupewa cha kijivu. Anayekunywa cha kijivu halii tena. Hacheki pia, na baada ya miezi michache huuliza ile picha ukutani ni ya nani. Ndugu wa watu walikuwa wamelalamika, na Baraza likaona litulize mambo kwa kupitisha kanuni: hakuna atakayetiwa kwenye kijivu mpaka fundi athibitishe kwa sahihi yake kwamba Mizani Kuu, inayopima utomvu wa nchi nzima, ni nzima. Kanuni ilipitishwa kwa makofi, ndipo ikagundulika kwamba Shwari haina fundi wa mizani hata mmoja. Hajawahi kuhitajika.

"Baraza litakaa Ijumaa," wakamwambia. "Ikague, utie sahihi, na kosa lako limesamehewa. Usipotia, tutajua una upungufu, tukutibu."

Wakampeleka kulala kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Mwanamvua, msusi wa mikeka, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na chumba kitupu. Mshangama alipoingia chumbani akakuta kitanda kifupi, na sakafuni mkeka mdogo uliosukwa kwa rangi tatu, wa kumtosha mtoto. Nje, katikati ya uwanja, palikuwa na kisima cha mtaa, kipana, kisicho na mfuniko. Asubuhi alimwona Faki akija na kisanduku chake. Alipofika kwenye kisima akakizunguka kwa hatua tatu za pembeni bila kukitazama, kama mtu aliyezoea, akampa Mwanamvua matone ya zambarau, akasema kitajaa, akakizunguka tena kurudi.

"Ana kazi nzito, maskini," Mwanamvua akasema akisuka. "Nyumba zote hizi. Naye hunywa cha samawati."

Mshangama akafungua kinywa. Yule mama akaweka mkono kinywani mwake mwenyewe, akatikisa kichwa. "Usiniulize, Fundi. Ukiniulizia ndani ya nyumba yangu, tutahukumiwa sote wawili. Nami Ijumaa ni zamu yangu. Nisiongezewe kosa."

"Zamu ya nini, dada?"

"Kijivu." Akachukua ukindu mwingine, akaulowesha. "Miaka tisa nimekunywa vyote. Wamesema upungufu wangu haujapata kuonekana nchini."

Mshangama akausukuma kando uji uliokuwa mbele yake. Kumbe ile sahihi yake ndiyo itakayompeleka mama huyu huko, akatazame mkeka ule mdogo na kuuliza ni wa nani.

"Hayo matone ni ya uongo, basi," akasema kwa hasira. "Yamwage!"

Mwanamvua akamtazama kwa jicho la kumkanya. "Wewe nawe una haraka kama wao. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa siinuki, Fundi. Silali, sili, nimekauka. Matone yalinishika mkono, nikaweza kujitekea maji. Jirani yangu pale yamemfaa mpaka leo, na sitaki mtu amcheke. Walinipa fimbo ya kutembelea, nikashukuru. Kisha wakaniambia sina mguu." Akasuka kidogo. "Na nilishawahi kuyamwaga. Siku moja, yote. Nilitetemeka wiki nzima, kichwani kama mtu anapasua kuni, natapika. Wakaja wakasema, unaona? Upungufu umerudi."

Hilo Mshangama alilielewa kwa kazi yake. "Sikiliza, dada. Mizani ikikaa miaka na jiwe zito upande mmoja, ukiling'oa ghafla mkono wake unaruka, unaweza hata kumvunja mtu meno. Kuruka huko hakuonyeshi kwamba lile jiwe lilikuwa kiungo cha mizani. Kunaonyesha limekaa sana. Jiwe hutolewa kidogo kidogo, na mtu amesimama karibu anatazama."

"Basi mtu wa kusimama karibu ndiye sina," alisema Mwanamvua.

Alimweleza jambo moja tu zaidi, nalo halikuwa jibu la swali lolote. Shwari hawana matanga. Hakuna kutandika mikeka, hakuna jiko uani, hakuna watu kulala kwa aliyefiwa wakimsemesha na kunyamaza naye. Yeye husuka mikeka ya kuanikia mpunga. "Walikuja watu, Fundi, usidhani sikujaliwa. Walikuja wengi. Kila mmoja akaniuliza kiwango, akaondoka."

Alhamisi Mshangama akapandishwa kilimani kwenye Nyumba ya Mizani. Lo, mizani ile! Shaba tupu, urefu wa watu wawili, sahani zake pana kama sinia za harusi, na nyuma yake ubao wa duara wa mti mgumu wenye namba na maneno mawili: KIMEJAA kulia, PUNGUFU kushoto. Mshale ulielekea PUNGUFU. Walinzi wawili huisugua kwa majivu na ndimu kila asubuhi, kama walivyoisugua baba zao.

Akatoa jiwe la ratili moja mkobani, akaliweka sahani ya kulia. Kimya. Akaliweka ya kushoto. Kimya. Akalalia sahani kwa kifua chake chote, miguu ikaning'inia. Mshale haukutikisika. Akaomba ngazi. Alipofika juu akaona kwamba mkono wa mizani umeyeyushiwa kwenye nguzo, kipande kimoja, haukukusudiwa kusogea. Akanyoosha kidole agonge mshale, kidole kikagota kwenye ubao. Mshale ulikuwa umechorwa kwa rangi. Fundi aliyeuchora alikuwa hodari kweli: hata kivuli chake kilikuwa kimechorwa.

Mshangama alicheka mpaka akashika ngazi kwa mikono miwili. Kisha akaikumbuka Ijumaa, na kicheko kikamkauka.

Akateremka mbio hadi kwa Mpima Mkuu, kiongozi wa Baraza, mzee mwenye ndevu safi na adabu nyingi, aliyemmiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Mheshimiwa, mshale umechorwa!"

"Tunajua," alisema Mpima Mkuu, akamsogezea tende.

"Mnajua? Tangu lini?"

"Ah, wataalamu wamejua siku nyingi. Mimi niliambiwa mwaka wa kwanza wa masomo. Hakuna mtu msomi Shwari anayeamini kwamba utomvu umepata kupimwa."

"Na zile koroboi kwenye kuta za shule?"

"Lugha ya kuwaelewesha watu tu. Mtu mwenye huzuni hataki kusikia kwamba mambo ni mengi na hatuyajui yote. Anataka koroboi."

"Sasa mbona hamkuwaambia?"

"Hakuna aliyetuuliza."

"Kuuliza ni kosa!"

"Ndiyo," alisema Mpima Mkuu kwa masikitiko ya kweli. "Ndiyo shida yenyewe." Akamsogezea karatasi. "Lakini dawa huwasaidia watu, Fundi. Hilo huwezi kulikana."

"Silikani. Baadhi, ndiyo. Mwenyeji wangu amenikanya nisilikane."

"Basi tia sahihi."

"Nitie sahihi kwamba picha ni nzima?"

"Kwani si nzima?" Hapo Mshangama ikabidi akubali kwamba kama picha, ilikuwa nzima. Lakini karatasi aliirudisha tupu.

Ijumaa asubuhi Baraza likakaa, wapima kumi na mmoja kwenye mkeka mzuri, nadhani mmoja wa mikeka ya Mwanamvua mwenyewe. Yeye alisimamishwa katikati, kanga mpya mabegani. Faki alisimama nyuma yake na kichupa cha kijivu kwenye sinia dogo. Mshangama akaitwa kusema alichokiona, akasema. Hakuna aliyeshtuka. Mpima mmoja mnene, msomi anayeheshimika kuliko wote, akasimama kumjibu.

"Kwamba hatukupima si hoja. Dawa yenyewe ndiyo kipimo. Mtu akinywa akapata nafuu, ni dhahiri alikuwa amepungukiwa."

"Na asipopata nafuu?"

"Alikuwa amepungukiwa zaidi."

Baraza likaitikia kwa kichwa. Mshangama akajikuna kidevu. "Nina mjomba wangu," akasema, "mtu wa haya, hawezi kusema mbele za watu. Akishapiga mnazi vibuyu viwili, anaimba harusini mpaka anyamazishwe. Nauliza wazee wangu: mjomba alizaliwa amepungukiwa mnazi?"

Suala hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu na kwa uzito. Sita walisema ndiyo. Wanne walitaka uchunguzi. Msomi mnene aliomba aelezwe mjomba anakaa wapi, ili apelekewe msaada.

"Tumeshamsikiliza vya kutosha," alisema hatimaye Mpima Mkuu. "Mgeni hataki kutia sahihi, basi tutamtibu, na akipona atatia. Faki, mpe Bi Mwanamvua kichupa. Sahihi itafuata."

Faki akakinyanyua kichupa. Kwanza alikifuta vizuri kwa kitambaa, kwa sababu alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio waliokuwa wakifanya kazi yote ya nchi ile. Mshangama akaona kwamba hakuna tena la kusubiri. Adhabu alikuwa nayo tayari. Hawangeweza kumpa mbili. Akapita katikati ya wapima, akasimama mbele ya yule mama.

"Dada yangu Mwanamvua," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "umepatwa na nini?"

Watu wakaziba masikio. Msomi mnene akafunika uso kwa joho. Mwanamvua akamtazama Mshangama, kisha akatazama chini. Miaka tisa ni mingi, na swali lenyewe lilikuwa la kigeni kwake. Akaketi palepale sakafuni kama mtu aliyechoka na safari.

"Niliwaambia kisima kifunikwe," akasema. "Mara tatu niliwaambia. Mara ya kwanza mkanipa cheupe, mkasema wasiwasi ni upungufu. Mara ya pili mkaniongezea matone. Mara ya tatu nilikuja nimemshika mwanangu mkono, wenyewe mnamkumbuka, alikuwa na pengo hapa mbele. Siku nne baadaye akaenda kuchota."

Baraza lingemkatiza. Tatizo ni kwamba katika taratibu zote za Baraza hapakuwa na kifungu cha kukatiza jibu, kwani jibu lilikuwa halijapata kutolewa. Akasema mpaka jua likahama dirisha. Alisema mtoto alivyokuwa akiiba ukindu wa rangi kusukia mkeka wake. Alilia, tena sana, kilio kile kilichozuiwa miaka yote hiyo. Faki aliweka sinia chini, akageukia ukutani. Alipomaliza, Mwanamvua akajifuta kwa ncha ya kanga, akasema ana njaa. Akaletewa uji, akanywa bakuli zima.

Wapima wakainamiana, wakanong'ona. Hawakuwa wamemwona akinywa uji mzima kwa miaka tisa. Msomi mnene akasimama, macho yanang'aa.

"Waheshimiwa, ni wazi kabisa! Lile swali lina utomvu ndani yake!"

Makofi yakapigwa. Wakaazimia kwa kauli moja kwamba kijivu kisimame kwanza, kwamba kuchokonoa kuondolewe kwenye makosa na kuingizwa kwenye dawa, na kwamba kila mwenye huzuni aulizwe swali hilo mara moja asubuhi na mara moja jioni, baada ya chakula. Juu ya jibu halikusemwa neno, kwa kuwa jibu ndilo lililochukua muda.

Mshangama akasamehewa, akaitwa mvumbuzi, akaulizwa ataka zawadi gani. Akaomba ule ubao wa duara wa nyuma ya mizani.

"Uchukue," alisema Mpima Mkuu. "Tutachora mwingine. Safari hii huenda tukauelekeza katikati."

Akaubeba kichwani hadi uwanjani kwa Mwanamvua. Mti wenyewe ulikuwa mgumu, na duara lake lilienea kinywa cha kisima kama uliokatiwa kipimo. Akauwekea bawaba na kishikio, mshale ukitazama juu, na jirani mmoja, yule yule ambaye matone yamemfaa, akatoka kumshikia misumari. Mwanamvua alisimama mlangoni akitazama kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akautoa mkeka mdogo wa rangi tatu, akautandika barazani.

Asubuhi Mshangama alipokuwa akifunga mkoba wake, Faki alikuja na kisanduku cha vichupa mkono mmoja na orodha ya milango mkono wa pili. Mitaa yote ilikuwa ikisikika sauti za maafisa: umepatwa na nini, umepatwa na nini, na viatu vikienda mlango wa pili. Faki alipofika kwenye kisima akaanza kuzunguka kwa zile hatua zake tatu, akausahau mguu hewani, akaona mfuniko. Akaukanyaga polepole, akavuka moja kwa moja.

"Bi Mwanamvua, umepatwa na nini?" akasoma kwenye karatasi, akamdondoshea matone yake ya zambarau, pungufu kwa tone moja kama mwenyewe alivyomwomba, akageuka aende.

Mwanamvua akamshika mkono wa koti.

"Kaa kitako, Faki."

"Bi Mwanamvua, nimebakiwa na milango arobaini."

"Najua. Kaa."

Faki akatazama orodha, akatazama kisima. Kisanduku akakiweka chini. Akavua viatu, akajikunja kwenye mkeka ule wa mtoto, magoti yakimgusa kidevu, mtu mzima na koti lake la kijani.

"Aliitwa Shemsa," Mwanamvua akaanza.